Besi ya Jacirema

Belém, 12 Februari 2009

Dada Jaci,

Hapa mzima, isipokuwa mvua imeamua kuishi nasi. Natumaini nanyi huko Óbidos hamjambo. Mwambie Mama namwomba baraka zake, na magoti yake yapunguze ukali angalau Jumapili aende misani. Shemeji Valdemir najua yuko juu ya ngazi na misumari mdomoni, anainua sakafu za watu kabla mto haujafika. Msalimie sana. Mimi bado niko mtaa wa Guamá, chumba kilekile kwa Dona Perpétua, anayepika maharage kila siku na kila siku anauliza kama leo ni matamu kuliko jana.

Sasa sikia. Nimepata kazi. Si ya kupiga kwenye harusi na kurudi na kuku kwenye mfuko. Seu Walcyr, mwenye ile mitambo ya dansi inayoitwa Arara ya Umeme, anataka albamu ya muziki wa brega, nyimbo nane, iwe tayari kabla ya sikukuu za Círio mwezi wa Oktoba. Jaci, ukuta wa spika zake ni mrefu kuliko kanisa letu. Wimbo wako ukipigwa pale Jumamosi, Jumatatu wauza samaki wanauimba.

Nimenunua vinanda viwili. Usianze kucheka. Ni vinanda bubu, vile wanavyoviita vya midi. Havina sauti yao wenyewe. Ukivibonyeza bila kompyuta unasikia plastiki tu, tok, tok. Ukiviunganisha kwa waya, programu ya kurekodia inajua kidole kimegusa wapi, kwa nguvu gani, kimekaa muda gani, kisha yenyewe inatoa sauti unayoitaka. Nilitaka kimoja kiwe besi, kingine kiwe gitaa. Nikagusa besi, gitaa likalia pamoja nayo. Nikagusa gitaa, besi ikaitikia. Vinanda viwili, na kompyuta inaviona kimoja! Siku ya tatu hii nazunguka chumba kama jogoo aliyefungiwa.

Hilo nitalitatua. Kwako ninataka jambo dogo. Ile besi yako ya wimbo tuliokuwa tukifungia karamu, ule ambao Mama aliuita wimbo wa kukunja viti. Irekodi kwa kinanda cha kanisa, umpe Dona Lucimar mpishi wa meli, ataniletea. Mimi sehemu ya katikati imenitoka kichwani.

Ndugu yako,
Odenilson


Óbidos, 6 Machi 2009

Mdogo wangu Odenilson,

Barua yako imefika ikinuka kitunguu cha Dona Lucimar, kwa hiyo nimejua imepita mikono salama. Mama amepokea salamu. Ameniambia niandike hivi, kwa maneno yake: "Mwambie ale samaki, maharage matupu hayajengi mtu." Magoti yake yako vilevile. Valdemir anafanya kazi mpaka Jumapili, na mto unapanda upesi kuliko watu wanavyopenda kukiri. Mtaa wa chini wameshaanza kuhamisha kuku.

Mwezi wa Januari tulikupigia simu. Dona Perpétua akasema hupo, akakata. Kesho yake vilevile. Siku ulipopiga mwenyewe ukacheka, ukasema ulikuwa safarini. Safari ya wapi? Kwenye simu siku zote unacheka, ndiyo maana nimefurahi umeandika. Kwenye karatasi kucheka ni kazi.

Kuhusu besi. Acha uongo, Nilson. Ile sehemu ya katikati wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa nimekaa kushoto kwako na wewe unanipiga goti kila nilipokosea. Mtu aliyeimba besi ile akiwa anaoga hawezi kuisahau. Halafu vinanda viwili vya nini kwa mtu mmoja? Kesho utanunua cha tatu, utakipigia pua?

Sitarekodi. Siku hizi sipigi kanisani. Padre amempata binti wa msimamizi wa kanisa, anapiga kama anaponda mihogo, lakini ana bidii. Mimi nimepumzika kidogo, hakuna kibaya.

Dada yako,
Jacirema


Belém, 27 Machi 2009

Dada Jaci,

Natumaini maji hayajafika mlangoni. Hapa tunasikia habari za mto na kila mmoja ana yake. Mwambie Mama nimekula samaki, tena na rojo zito la tunda la açaí, mpaka Dona Perpétua akanuna.

Lile la vinanda nimelishinda. Tatizo ni kwamba vyote viwili ni vya aina moja, na kompyuta iliviita kwa jina lilelile, kama mapacha wanaoitwa na mwalimu asiyewajua. Nimekipa kimoja namba moja na kingine namba mbili, kisha nikauambia kila mstari kwenye programu usikilize namba yake tu na uzibe masikio kwa mwenzake. Nilipogusa besi ikalia besi peke yake, Jaci, nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Na ndiyo, nimenunua cha tatu. Nimekilaza sakafuni chini ya meza, kinakaa vizuri pale.

Seu Walcyr alikuja kusikiliza wimbo wa kwanza. Unaijua aina yake, anavaa pete tatu na anasikiliza akiwa amesimama mlangoni kama anataka kuondoka. Akasema, "Mkono wa kulia, asali. Lakini kijana, mbona besi yako inatembea kama mtu aliyeazima viatu?"

Nikamwambia ni mwanzo tu.

"Mwanzo wangu mimi unaisha Oktoba," akasema, akaenda zake.

Ndani ya bahasha kuna flashi yenye wimbo huo. Usikilize kwenye kompyuta ya parokia. Na ninakuomba, njoo Pasaka. Siku chache tu. Utakaa kwa Dona Perpétua, chumba cha mwanawe kiko wazi. Wewe kushoto, mimi kulia, kama zamani, kila mtu na kinanda chake. Nimeshapima meza, tunaenea.

Odenilson


Óbidos, 9 Mei 2009

Mdogo wangu,

Usihesabu ukimya wangu kuwa ni kiburi. Meli ilikuwa inapita bila kutia gati, maji yamemeza gati lenyewe. Tulikaa wiki nyingi na mbao juu ya mbao ndani ya nyumba, Mama akipika akiwa ameinama kwa sababu dari ilikuwa imetushukia. Valdemir alifunga mashine yangu ya kushonea kwa kamba juu ya kabati, ikawa kama mtakatifu. Sasa maji yamesimama. Hayapungui, lakini yamesimama. Sote tu wazima.

Pasaka imepita, na umeona sikuja.

Flashi nimeisikiliza kwenye kompyuta ya parokia, padre akiwa amekaa kando anajifanya anasoma. Nilisikiliza mara ya kwanza, nikarudia, nikamwomba padre atoke. Mkono wa kulia ni wako, ningeujua hata sokoni. Besi si yako. Si ya mkono wa mtu yeyote. Noti nyingine zimepangwa sawasawa kama watoto wa shule siku ya bendera, hakuna aliyechelewa wala kuwahi. Halafu nyingine zinaanguka nzito mahali pasipo pake, kama zimekanyagwa.

Nikafikiri: nani anayelaza kinanda sakafuni?

Dona Lucimar alipokuja nilimuuliza ulionekanaje ulipompa bahasha. Yule mama hajui kuficha hata chumvi. "Mzuri tu," akasema, "ila ile barua yako ya mwezi wa tatu aliifungua kwa meno. Mkono mmoja kautia mfukoni, na joto lile la bandarini! Nikamwambia weka chini huo mzigo unaoukumbatia kwa kiwiko. Akacheka."

Umecheka. Bila shaka umecheka.

Nini kimeupata mkono wako wa kushoto, Nilson?

Kuja Belém sitakuja, wala mwezi ujao. Sababu ninazo. Usinibane.

Jacirema


Belém, 30 Mei 2009

Jaci,

Salamu kwa wote.

Mkono wangu hauna neno. Dona Lucimar apike, aache kupima watu mifukoni. Nimekuomba besi, umekataa. Nimekuomba uje, umekataa, na sababu hutaki kuzisema, ila zangu unataka nizitandike kama nguo juani. Haya. Nitapiga kwa ninavyojua. Usisumbuke.

O.

8 Juni. Barua hii sijaituma. Nilikwenda nayo bandarini, nikarudi nayo. Dona Lucimar aliniona kwa mbali akaniita mbele ya wapagazi wote: "Wewe! Dada yako siku hizi habebi hata kikapu, shemeji yako ndiye anayembebea, na anatembea ameshika kiuno! Hujui kitu?" Sijui kitu. Ningejuaje?

Basi nitaanza mimi, maana mmoja wetu lazima aanze. Januari sikuwa safarini. Nilikuwa nyuma ya pikipiki ya abiria, barabara ina maji, basi likatokea upande. Dereva hakuumia. Mimi nilikaa hospitali, na Dona Perpétua nilimkataza asiwaambie, alilia kila mlipopiga. Mkono umepona kwa macho. Nashika kikombe, nafunga vifungo kama sina haraka. Lakini kidole cha mwisho na cha pete havinisikii, na vingine vinafika vikiwa vimechelewa. Daktari alisema neva. Nikamuuliza itarudi lini, akatazama dirishani.

Kinanda cha sakafuni nakipiga kwa mguu. Wakati mwingine kwa kiwiko nakipiga cha mezani. Kisha usiku naziburuta noti kwa kompyuta, moja moja, nazipanga mstarini, na ukizipanga zinakufa. Uliposema zimekanyagwa nilitupa barua yako, nikaiokota. Seu Walcyr hajui. Akijua atampa kazi mtu mwenye mikono miwili, na si mbaya, ni biashara.

Silali vizuri, Jaci. Nikifumba macho mkono unapiga wenyewe, vidole vyote vitano, na nikiamka umelala pembeni yangu kama wa mtu mwingine.

Sasa wewe. Una nini?

Nilson


Óbidos, 25 Juni 2009

Nilson wangu,

Nimelia, nimekutukana, nimelia tena, kisha nikampikia Mama uji kwa sababu alikuwa anauliza mbona jikoni kimya. Nimemwambia. Ulitaka nimfiche mpaka lini? Akasema, "Alipozaliwa mkono wa kushoto ndio uliotangulia kutoka. Mkunga akasema huyu ana haraka." Halafu akaniambia nikuandikie kwamba ana hasira na wewe, na kwamba anakutengenezea mafuta ya andiroba ya kuuchua huo mkono. Andiroba hii itakuja ndani ya chupa, usimwage.

Maji yanapungua. Yameacha tope na nyoka mmoja chini ya jiko, Valdemir amemtoa kwa koleo akitetemeka mwili mzima. Usimwambie nimekuandikia.

Mimi nina mimba.

Tazama nilivyoiandika fupi. Wa kwanza unamkumbuka, ulikuja kumchimbia kaburi. Wa pili hukuwepo. Safari hii nilipojua nikaapa sitamtaja mpaka atoke mwenyewe na kulia. Valdemir anajua kwa kuwa ni lazima, na Mama alijua kabla yangu. Daktari alinikataza kubeba, kupanda ngazi, na kusafiri kwa meli. Kinanda cha kanisa kiko juu ya ngazi, ndiyo hayo mapumziko yangu. Mimba inamaliza mwezi wa sita. Kila asubuhi nakaa kitandani bila kusogea mpaka anipige teke, ndipo naweka mguu chini. Nafuma, nafumua. Nashona kitu nakiharibu. Miaka arobaini na moja, Nilson, na sijui niiweke wapi mikono yangu.

Kwa hiyo mimi siwezi kuja kwenye vinanda vyako. Hivyo vinanda haviwezi kuja? Vina miguu ya plastiki na wewe unayo ya nyama. Valdemir amesema atasafisha meza yake ya useremala, ni ndefu, watu wawili wanakaa bila kugombana viwiko.

Sharti langu moja. Usiniulize kila saa najisikiaje. Nimeshaulizwa vya kutosha na nyumba nzima. Nataka kupiga tu.

Jaci


Belém, 14 Septemba 2009

Dada yangu Jaci,

Mama, Valdemir, na huyo mdogo asiye na jina, nawasalimu kwa mpigo. Nimefika salama. Kompyuta nililala nayo kwenye machela iliyotundikwa melini safari nzima, kifuani, na Dona Lucimar akawaambia abiria kuwa ni mke wangu mpya. Mkono wangu unanuka andiroba mpaka Dona Perpétua amehamisha kiti changu karibu na dirisha. Bado hausikii. Kidole cha kati kimeanza kuwahi kidogo, au najidanganya.

Kinanda cha sakafuni nimempa jirani.

Nakuandikia jambo ambalo tangu nirudi linanizungusha chumbani, na wewe peke yako ndiye unayeweza kunijibu. Nalianzia kule karakana kwa Valdemir, ili ujue nilikuwa natazama nini.

Nyimbo saba za kwanza unakumbuka zilivyokwenda. Siku ya kwanza tulibishana tu. Waya wako niliuchomeka tundu lisilo lake, namba zikachanganyika, besi yako ikatoka tarumbeta, Mama akasema, "Ndiyo hiyo kazi ya Belém?" Siku zilizofuata tukapata mwendo. Nilikuwa nimesahau kwamba wewe hupigi besi kwa kuhesabu. Unanitazama bega. Bega langu likishuka, unaingia. Kwa mguu wangu na kwa kompyuta nilikuwa namtafuta mtu wa kutazama bega langu, na hakuwepo.

Kisha ule wimbo wa nane, wa kukunja viti. Asubuhi ile mvua ilikuwa inapiga bati. Tuliurudia. Mama akiwa kwenye kiti chake akauliza, "Jaci, mbona umekunja uso?" Ukamjibu, "Besi nzito inataka uso mzito, Mama." Tukacheka wote. Mimi pia nilicheka, na sikukuuliza, kwa sababu ulinikataza. Wimbo ulipokwisha ukasema, "Turudie mara moja, katikati nimekosea." Hukuwa umekosea. Tukarudia. Ukaondoa mikono, ukasimama, ukashika ukingo wa meza, ukamwambia Valdemir kwa sauti ya kumtuma chumvi: "Kaazime gari la padre. Sasa."

Yaliyofuata hukuyaona, nikusimulie. Valdemir alitoka akiwa na kiatu kimoja. Padre aliendesha mwenyewe, akapitiliza hospitali, akarudi nyuma. Walipokuingiza ndani, mimi na Mama tukabaki kwenye benchi. Mama alikuwa amesahau rozari nyumbani, akawa anasali kwa kuhesabu vidole vyangu vya kushoto, kimoja kimoja, anakibana, anahamia kingine. Vile viwili sikuvihisi, lakini nilimwona akivibana, na sikutaka aache. Alizunguka mkono ule sijui mara ngapi. Jua lilikuwa bado liko juu muuguzi alipotoka. Aliacha mlango wazi tu, na tukasikia. Mama alisema, "Huyo analia kwa hasira. Vizuri." Ndipo akauachia mkono wangu na kuanza kutafuta kanga yake, iliyokuwa mabegani.

Sasa jambo lenyewe. Juzi nilifungua wimbo wa nane hapa chumbani, kuusafisha. Unajua kwenye programu kila noti inachorwa kama kijiti kilicholala, na chini yake kuna mstari uliosimama unaoonyesha kidole kilibonyeza kwa nguvu gani. Mistari yangu ni kama majani ya uwanjani, mirefu mifupi bila mpango. Nikafungua yako. Jaci, yako inapanda taratibu, noti kwa noti, inafika juu kabisa mahali ambapo programu haina tena pa kupandisha, kisha inashuka, inatulia, inakuwa laini kama kawaida yako. Halafu inapanda tena. Inashuka. Inapanda. Nikafikiri kinanda kimeharibika. Nikafungua ule tuliopiga kabla ya kurudia: vilevile, ila milima iko mbalimbali zaidi. Katika ule wa mwisho imesogeleana.

Nilikaa nikiitazama. Niliketi ubavuni mwako, goti kwa goti. Sikusikia kitu ila besi tamu kuliko zote ulizowahi kupiga. Ulikuwa kwenye uchungu tangu asubuhi, na ukasema turudie.

Kinanda hakina masikio. Mvua haimo, Mama hayumo, hata kicheko chetu hakimo. Uchungu wako tu ndio umeingia.

Jana Seu Walcyr alikuja. Safari hii alikaa. Alisikiliza zote nane, pete zikigonga meza. Kwenye wa nane akainua kidole. "Nani huyu anayepiga besi?"

"Dada yangu."

"Anaishi wapi?"

"Óbidos."

"Mwambie ahamie." Akasikiliza tena. Halafu akasema, "Ila huu unapanda na kushuka. Kwenye spika zangu besi ikipanda hivi itazipasua, na wachezaji watapotea. Sawazisha. Si unabonyeza mara moja tu?"

Ni kweli. Unazichagua noti zote, unabonyeza mara moja, mistari yote inakuwa urefu mmoja kama ukuta. Nimeichagua. Nimeweka kidole. Sikubonyeza. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikatoka nikala supu ya tacacá kwa mama wa kona, ladha sikuisikia, nikarudi. Yeye anautaka wiki ya kwanza ya Oktoba. Kuhusu mkono nimemwambia, akanitazama akasema, "Kumbe ndivyo. Mimi nilidhani ni ulevi." Basi, hakuna zaidi.

Nikisawazisha, naona kama nakufuta. Nisiposawazisha, wimbo hautapigwa. Niambie nifanye nini. Na ungeniambia siku ile, Jaci. Ningesimamisha kila kitu.

Nilson


Óbidos, 1 Oktoba 2009

Mdogo wangu Nilson,

Asiye na jina analo sasa. Tumemwita Aurilene, na Mama ameshamfupisha kuwa Auri, hata maji ya ubatizo hayajakauka. Ananyonya kama ana deni na mimi. Valdemir amemtengenezea kitanda chenye miguu mirefu, anasema mafuriko yajayo yamkute juu. Meza ya karakana amerudishia randa zake, lakini upande wetu ameuacha mtupu, anauzunguka tu kama kuna mtu amekaa. Mama anauliza kama bado unajipaka andiroba asubuhi na jioni. Mwandikie ndiyo hata kama si kweli.

Naandika huku nimemlaza mapajani, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Umesema ungesimamisha kila kitu. Najua. Ndiyo maana sikusema.

Nilijua tangu nilipokuwa napiga mswaki. Nikitamka tu, Valdemir angenibeba, padre angekuja, wangenilaza chali ndani ya chumba kile chenye dari ya kijani. Naijua dari ile, Nilson. Mara mbili nimelala chini yake sina la kufanya ila kusikiliza kama kuna kitu bado kinapiga ndani yangu, na mara mbili kilinyamaza nikisikiliza. Safari hii nilisema sitasikiliza. Nitapiga. Uchungu ukija nautia kwenye kidole, kidole kinautia chini, na wimbo unaendelea, kwa hiyo na mimi naendelea. Niliogopa sana. Nilikuwa sijawahi kuogopa vile, na sijawahi kupiga vile. Kama kompyuta yako imechora milima, imechora vizuri.

Sasa sawazisha.

Usikae na kidole hewani kama mtu anayesubiri kubusiwa pete. Bonyeza. Anayekuja kwenye Arara ya Umeme Jumamosi amefua nguo za watu wiki nzima, au amebeba magunia, au ameachwa. Ana yake. Anataka besi imshike kiuno na isimwangushe. Hukuwa unanipiga goti miaka yote ile ili nije kuwapotezea watu hatua. Na mimi hunifuti. Mtoto yuko hapa, amenikojolea sketi.

Na Seu Walcyr mwambie sihami. Akizitaka nyingine, mlete huyo mke wako wa kifuani mwezi wa kwanza, nitakuwa nimepata nguvu. Uje na kinanda changu, namba mbili. Cha kanisa sikitaki tena, kina vibonyezo vigumu na binti yule amekizoea.

Ila pale mwisho kabisa kuna noti moja nene nimeikandamiza, wewe umeshamaliza na mikono yako iko juu ya meza, na mimi bado sijaachia. Walcyr atakuambia ukate, ni ndefu mno. Usiikate. Ile haikuwa uchungu, uchungu ulikuwa umepita. Nilikuwa nimekugeukia, ulikuwa umefumba macho, unatabasamu, huuangalii mkono wako hata kidogo, na mvua ilikuwa imesimama. Nilitaka tu tukae pale kidogo zaidi.

Dada yako,
Jacirema